Bibi aliyemwambia mjukuu wake akimbie juu ya maua

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka saba hivi. Bukta ya bluu, raba nyeupe, goti moja lina kovu bichi. Wenzake walishampita. Walikuwa wametimka wote kwa pamoja kutoka kwenye ngazi za kanisa, wakateremka ule mtaa wenye mteremko mkali, na kila walipopita maua yaliruka nyuma ya visigino vyao kama vumbi nyuma ya basi la shamba.

Yeye alipofika penye picha ya mwanakondoo akasimama ghafla.

Akaitazama. Kisha akaanza kuizunguka kwa pembeni, akinyata, kama mtu anayepita chumbani alimolala mtoto mchanga.

Mwanakondoo yule nilimfahamu vizuri. Manyoya yake yalikuwa petali nyeupe za karnesheni, na nyingi kati ya hizo nilizichambua kwa mikono yangu. Jicho lake lilikuwa rundo dogo la mbegu nyeusi, na aliyelipanga alikuwa bibi wa mtoto huyohuyo, amepiga magoti juu ya mto wa kochi, ameshika kijiko cha chai. Nilimwona akilipanga, akalifuta, akalipanga tena. Mara tatu.

Sasa bibi huyo alikuwa amesimama ubavuni kwangu, vidole vyake bado vya njano.

“Corri!” akapaza sauti. Kimbia!

Mtoto akamgeukia kama anayeuliza kama amesikia sawasawa.

“Corri!”

Basi mtoto akafumba macho, akarukia katikati ya mwanakondoo.

Bibi akapiga makofi kwa furaha. Mimi nikageuza uso ukutani, machozi yananitoka.

Hiyo ilikuwa Juni. Leo ni wiki ya saba, na sauti ya yule bibi naisikia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kanisani nimepiga magoti.

Siku tatu za kuchambua

Nilikwenda Italia kumtembelea Shangazi, dada yake baba, ambaye ni mtawa na ameishi huko zaidi ya miaka ishirini. Nyumba yao iko kwenye vilima vya Castelli Romani, kusini-mashariki mwa Roma. Jioni niliyofika, nikiwa bado nasikia mvumo wa ndege masikioni, akaniambia, “Umekuja wakati mzuri, mwanangu. Kesho twende Genzano tukachambue maua.”

Nilidhani ni maua ya altare. Vikapu viwili vitatu, tumalize kabla ya chakula cha mchana.

Genzano di Roma ni mji mdogo ulio juu ya ziwa Nemi. Waitaliano wengi ukiwatajia jina hilo wanakumbuka mkate kwanza, ule wa duara wenye ganda la kahawia iliyokoza, ambao jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 1997. Lakini tangu mwaka 1778 mji huu una jambo jingine. Kila Juni, kwa ajili ya maandamano ya sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, mtaa mzima unaopanda kwenda kanisa la Santa Maria della Cima hutandikwa petali za maua, kutoka chini hadi juu, mita za mraba zipatazo 2,000. Wanaiita Infiorata. Si maua ya kurushwa ovyo. Ni picha, moja baada ya nyingine: watakatifu, kalisi, michoro ya wasanii maarufu, mapambo ya pembeni yenye mistari iliyonyooka kama ya kitambaa kilichofumwa.

Maua hayo lazima yachambuliwe. Kazi hiyo ina jina lake, *spelluccamento*, na mji mzima huifanya: watoto wa shule, wazee, watawa, vijana wenye michoro shingoni. Unashika ua kwa mkono wa kushoto, unazungusha kichwa chake kwa mkono wa kulia, petali zinabaki kiganjani, kikonyo unakitupa. Ni kuchambua kulekule kwa mchicha na kisamvu, na mikono yangu ilikubali kabla akili haijaelewa. Petali zinatengwa kwa rangi. Nyekundu zao peke yake. Zilizoanza kunyauka nazo hazitupwi, kwa sababu nyekundu iliyonyauka ni rangi ya kivuli.

Rangi ya njano inatoka kwenye ginestra, kichaka cha porini ambacho mwezi huo kinawaka vilima vyote. Kijani chetu kilitokana na majani ya shamari yaliyokatwakatwa, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zangu siku nne. Kwa kahawia tulikuwa na machicha ya kahawa.

Maua yaliyochambuliwa yanahifadhiwa kwenye mapango ya baridi yaliyo chini ya jengo la halmashauri ya mji. Shangazi alinipeleka nione. Mwamba umechongwa, hewa ni ya ubaridi kama ya kisimani, na kwenye sakafu kuna makasha kwa makasha ya rangi. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuzungumza. Nimewahi kuona ghala la mahindi lililojaa, nimewahi kuona ghala la kahawa, lakini ghala la rangi sikuwahi.

Hapo ndipo nilipokutana na bibi wa vidole vya njano. Kila mtu alimwita Nonna, yaani Bibi, na mimi nikamwita hivyohivyo. Kiitaliano changu ni cha salamu na bei. Yeye Kiswahili hakijui kabisa. Tulikaa pamoja siku tatu, tukaelewana kwa vidole.

Kabla ya kupambazuka

Kazi ya kumwaga tuliianza Jumapili kabla ya mwanga. Michoro ilikuwa imeshachorwa chini kwenye mawe, na kila kikundi kina kipande chake. Mtaa umenyamaza, taa za njano, watu wamejikunja magotini kama wanaotafuta sindano.

Nimesema kumwaga, lakini Nonna hakumwaga kamwe. Alichukua konzi ya petali, akaleta mkono karibu kabisa na ardhi, akawa anasugua dole gumba juu ya vidole vingine ili petali zitoke chache chache, kama mama wa kijijini anayepanda ulezi. Kwenye ukingo wa mstari mkono wake ulikuwa chini sana, karibu unagusa jiwe. Kwenye eneo pana la anga aliuinua hadi usawa wa kifua, petali zikaanguka kwa kulegea na kulaliana zenyewe.

Mimi nilipoona petali zangu zimesimama vibaya nikaanza kuzishindilia kwa kiganja.

Alinipiga kofi dogo la mkono. Halafu akaokota petali niliyoishindilia, akanionyesha dhidi ya taa. Ilikuwa imepata alama nyeusi, kama ndizi iliyoangushwa. Akaiweka kando, wala hakukasirika, akanishika kifundo cha mkono na kukiinua mpaka kikafika kimo anachotaka.

Nikajifunza kwamba zulia la namna hii linashikiliwa na uzito wake lenyewe na maji ya kunyunyizia. Upepo ukija wote mnainuka. Ulikuja mara moja, saa mbili asubuhi, upepo wa ziwani, na nikaona watu kumi wakiwa wamekumbatiana mabega kuukinga uso wa mtakatifu mmoja kwa migongo yao.

Kufikia saa nne jua lilikuwa limepanda na mtaa umekamilika. Nilipanda hadi kwenye ngazi za kanisa nikageuka kutazama chini.

Sina la kusema juu ya nilichokiona. Nilipiga picha nyingi na hakuna hata moja inayofanana nacho.

Nyayo za kwanza

Jioni maandamano yakatoka. Msalaba mbele, watoto wa Komunyo ya Kwanza, ubani, halafu padri chini ya kitambaa kilichobebwa kwa nguzo, ameshika monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Na njia yake ni pale katikati, juu ya maua.

Nilikuwa nimeambiwa. Nilijua kabisa kwamba watapita juu yake. Hata hivyo, kiatu cheusi cha kwanza kilipokanyaga bustani iliyochukua kikundi kizima asubuhi nzima, tumbo langu lilijikaza.

Nikajituliza kwa kusema: huyu amebeba Ekaristi. Ni Bwana mwenyewe anayepita. Kama si yeye apite, apite nani?

Maelezo hayo yalinitosha hadi Jumatatu jioni. Jumatatu hakuna Ekaristi inayopita. Jumatatu ni watoto. Wanapangwa juu kwenye ngazi, wanaachiwa, wanateremka mbio na kuvuruga kila kilichobaki. Nako kuna jina lake, *spallamento*, na wenyeji wanaingoja kama watoto wetu wanavyongoja Krismasi. Kwa hiyo maelezo yangu ya Jumapili yakabaki hewani. Na yule bibi hakuvumilia tu kazi yake kukanyagwa. Alidai ikanyagwe. Mtoto alitaka kuiheshimu akamkataza.

Usiku ule nilimuuliza Shangazi kama haoni uchungu. Alikuwa anamenya viazi.

“Mwaka wa kwanza nilikuwa kama wewe,” akasema. “Nilikuwa hivyohivyo.”

“Na mwaka wa pili?”

“Mwaka wa pili nilikuwa nimechelewa kufika, nikakimbia pamoja na watoto.”

Sikupata zaidi ya hapo. Shangazi ni mtu wa maneno machache, na viazi vilikuwa vingi.

Kanga ya Mama

Niseme kwa nini jambo hili lilinishika pabaya.

Kwetu ni Kilimanjaro, juu kabisa, ambako Juni ni baridi na ukungu, na njia bado ina tope la masika. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo tulikuwa tukiiandaa kwa jumuiya. Kila jumuiya inapewa kipande chake cha njia na mahali pa kituo. Wanaume wanakata migomba na masale, wanasimika matao. Sisi watoto wa Utoto Mtakatifu tunazunguka nyumba kwa nyumba kuomba maua, bogenvilia hasa, tunayachuma hadi vikapu vinafurika, ili kesho yake tucheze mbele ya Ekaristi na kuyarusha. Na akina mama wanatandika kanga na vitenge juu ya tope.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi, Mama alikuwa na doti mpya. Baba aliitoa Moshi mjini. Nyekundu na nyeusi, bado ina ule ugumu wa dukani. Nilikuwa nimeshaipigia hesabu moyoni, kwamba kipande kimoja nitakuja kupewa mimi.

Akaitandika yote. Vipande vyote viwili, kimoja baada ya kingine, pale kwenye kona yenye tope baya kuliko pote, nikiwa nimesimama na kikapu changu.

Padri akapita. Kiatu chake kiliacha alama katikati kabisa, umbo zima la soli, na maji ya tope yakaanza kupanda kwenye kitambaa yakizunguka ile alama. Wanakwaya wakapita. Watu wakapita. Mwisho kanga haikujulikana rangi.

Jioni Mama aliifua mtoni. Jumanne nilimwona ameivaa kwenda kukata majani ya ng’ombe.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko tope. Nilitegemea aitunze. Imepitiwa na Yesu! Nilidhani itakunjwa na kuwekwa sandukuni, itolewe siku za ugonjwa. Yeye akabebea nayo majani. Nilimnunia siku mbili, wala hakujua sababu.

Niliyoyasoma usiku

Niliporudi Dar nikawa nasoma. Kitu kikinisumbua ndivyo ninavyofanya, nasoma hadi simu inaniangukia usoni.

Sikukuu yenyewe ya Mwili na Damu ya Kristo ilitangazwa kwa Kanisa zima na Papa Urbano wa Nne mwaka 1264, akiwa Orvieto. Desturi ya kupanga petali kuwa picha inaanzia kwa mtu aitwaye Benedetto Drei, msimamizi wa mapambo ya maua pale Vatikani, aliyeipamba Basilika ya Mtakatifu Petro kwa maua yaliyochambuliwa tarehe 29 Juni 1625, sikukuu ya Petro na Paulo. Gian Lorenzo Bernini, yuleyule mjenzi wa nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro, naye anatajwa miongoni mwa waliolieneza jambo hili. Bernini alifanya kazi katika vilima hivyohivyo, Ariccia na Castel Gandolfo, jirani kabisa na Genzano. Roma yenyewe iliiacha desturi hiyo kwa muda mrefu. Vilima vikaishika.

Nikasoma kuhusu La Orotava, kisiwani Tenerife, Hispania, ambako mazulia yalianza mwaka 1847. Pale mbele ya jengo la mji wanatengeneza picha moja kubwa ya zaidi ya mita za mraba 900, tena kwa mchanga na udongo wa rangi unaotoka mlima wa volkano Teide. Wiki kadhaa za kazi, watu wamelala kifudifudi juu ya mbao ili wasiguse. Halafu maandamano yanapita juu yake.

Nikasoma kuhusu Antigua, Guatemala, ambako katika Kwaresima na Juma Kuu watu hutandika mitaa kwa pumba za mbao zilizotiwa rangi, majani ya msonobari, maua, hata matunda na mboga. Familia inakesha mbele ya mlango wake, inanyunyizia maji pumba zisipeperuke. Alfajiri wanakuja wanaume wa kanzu za zambarau wamebeba mabegani jukwaa zito lenye sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba. Dakika chache tu, zulia limekwisha. Nyuma ya maandamano wanakuja wafagiaji na magari ya taka, na barabara inakuwa barabara.

Lakini palipoondoa usingizi wangu kabisa ni Spycimierz, kijiji cha Poland. Huko sherehe hii ni Alhamisi na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Zulia lao linafika kilomita 2, linazunguka kijiji, na kila familia inatandika kipande kilicho mbele ya nyumba yake. Asubuhi wanaanza, jioni maandamano yanapita. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka desturi hiyo, pamoja na ile ya parokia nyingine nne za Poland, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Kipande kilicho mbele ya nyumba yake. Niliposoma hivyo nikaiona kona yetu ya tope, na jumuiya yetu.

Nikaona pia kitu ambacho mwanzoni sikutaka kukiona. Katika sehemu zote hizo hakuna hata moja ambayo wanaweka kamba na kusema msipite. Bahari na karne zimewatenganisha, lugha ni mbalimbali, mmoja anatumia petali, mwingine mchanga, mwingine pumba za mbao, na wote wamefika palepale. Wanatandika, wanapita.

Shaka zangu

Nisiseme uongo kwamba nilikuwa na swali moja tu.

Lipo la gharama. Nina binamu anayefanya kazi katika shamba la maua karibu na Usa River. Ni mwanamke mwenye watoto watatu, anaamka saa kumi. Nilipomtumia picha za Genzano kwa WhatsApp alinipigia hapohapo. “Yaani mnayachambua?” Kwao ua likipata alama ndogo kwenye petali moja halisafiri. Maisha yake yote ya kazi ni kulinda petali isiguswe. Sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu, bila ukali, lakini nilipokata simu nilikaa kimya muda mrefu. Ni swali la Yuda, najua, lile la marhamu iliyomwagwa miguuni wakati maskini wapo. Kujua limetoka kwa nani hakulifanyi lisiwe swali.

Halafu nakumbuka ginestra yetu haikununuliwa. Ilikatwa milimani na watu waliobeba magunia mgongoni. Nakumbuka pia kwamba maua ya bogenvilia ya utoto wangu yalikuwa ya bure kabisa, na bado Mama alitandika doti mpya. Kwa hiyo hesabu ya fedha hainifikishi popote. Nimeiacha mezani, sijaimaliza.

Lipo la utalii pia. Jumapili ile kulikuwa na kamera nyingi kuliko rozari. Nilijiuliza kama Mungu bado yumo. Lakini Genzano ina historia inayonipa adabu kidogo katika swali hili. Mji ule uliitwa kwa miaka mingi Moscow Ndogo, kwa jinsi wakomunisti walivyokuwa na nguvu. Watu wasiokanyaga misani mwaka mzima, wanaogombana na paroko hadharani, mwezi wa Juni walikuwa wanachambua maua kwa ajili ya Ekaristi. Meza moja, beseni moja. Shangazi anasema hajawahi kumuuliza Nonna kama anasali. Nami sikumuuliza.

Hayo yote niliyaweza. Kilichobaki ni kile kidogo: kwa nini alimwambia mtoto akimbie?

Mkeka wa jirani

Wiki ya tano, jirani yangu alikuwa na arobaini ya mtoto. Ni mtu wa Tanga. Alikuwa ameletewa mkeka mpya na mama yake, wa ukindu, una milia ya zambarau na kijani, mkeka ambao ukiutazama unajua kuna mtu macho yamemuuma. Akautandika sebuleni mbele kabisa.

Wageni wakaingia. Akaingia bibi mmoja mkubwa kuliko wote, mwembamba, amevaa buibui. Akavua viatu mlangoni. Akauona mkeka. Na mbele ya macho yangu akafanya kilekile alichofanya mtoto wa Genzano: akapita ukutani, taratibu, akinyata, akauzunguka, akaenda kukaa chini kwenye saruji.

Sebule ikanyamaza kidogo.

Nilimtazama jirani yangu usoni. Sikuona furaha kwamba mkeka wake umeheshimiwa. Niliona mtu aliyeumia.

Akaenda, akamshika bibi mkono, akamwinua. “Bibi,” akasema kwa upole, “kwani kwangu umepaona pachafu? Pita hapa katikati. Usiponikalia mkeka leo, utanikalia lini?”

Bibi akacheka, akapiga hatua, akakaa katikati ya ile milia, akanyoosha miguu. Jirani yangu uso ukachanua.

Nilibaki nimeshika sahani ya visheti.

Nilikuwa nimesema kutandika tangu mwanzo, hata katika makala hii, bila kulisikiliza neno lenyewe. Tunatandika kitanda, tunatandika meza, tunatandika mkeka, tunatandika kanga kwenye tope. Hakuna hata kimoja tunachokitandika ili kitazamwe. Neno lenyewe lina mtu ndani yake, mtu anayekuja. Mimi Genzano niliona picha, kwa hiyo nikaona picha inaharibiwa. Nonna hakuwa ametengeneza picha. Alikuwa ametandika. Mtoto wa bintiye akawa anapita ukutani kama mgeni asiyekubali kukaribishwa, na yeye akafanya alichofanya jirani yangu, kwa sauti ya Kiitaliano.

Na kanga ya Mama je? Nilimnunia kwa sababu alikata nayo majani Jumanne. Sasa najiuliza alitakiwa afanye nini nayo. Mgeni alikuja, alipita, ameondoka. Mkeka hukung’utwa, kanga hufuliwa.

Sijui kama maelezo haya yangemridhisha binamu yangu. Mimi yamenilegeza kifua.

Simu ya Jumapili

Juzi nilimpigia Mama. Huwa nampigia Jumapili akishatoka misa ya kwanza. Nikamsimulia yote, mapango, machicha ya kahawa, kofi la mkono, watoto. Nilimsimulia hata habari ya kuninunisha, ambayo alikuwa haijui kabisa, akacheka mpaka akakohoa.

Akauliza wanayapeleka wapi maua yakishavurugwa, kama kuna ng’ombe. Nikamwambia hakuna ng’ombe, wanafagia usiku uleule, asubuhi magari yanapita. Shangazi alijaza magunia mawili akayarudisha bustanini kwao. “Afadhali,” akasema.

Kisha akanyamaza, nikasikia anasogeza kiti.

“Na wewe ulikanyaga?”

Sikujibu upesi. Jumapili wakati wa maandamano nilitembea pembeni, kwenye ukingo wa mawe, hatua zote hadi kanisani. Jumatatu nilikuwa nimeegemea ukuta. Baada ya watoto kumaliza, watu wazima walishuka wakatembea juu ya mabaki, na Nonna akanipungia mkono niende. Nikatikisa kichwa.

“Hapana, Mama. Sikukanyaga.”

“Umechambua siku tatu halafu hukukanyaga?”

“Hapana.”

Alikaa kimya tena, si kimya cha hasira. Nyuma yake kulikuwa na jogoo na mtu anayepasua kuni.

“Sisi mwaka huu tulitandika kanga nane,” akasema. “Tope lilikuwa jingi. Padri alipita, na sisi tukapita nyuma yake, na ile ya kwako ya zamani ilikuwepo.”

“Ipi?”

“Ile nyekundu. Imebaki kipande kimoja.”